Daftari Kabla ya Kompyuta

Karibu kila mtaa wa Bulla Pesa, hapa mjini Isiolo, una mtu wa daftari. Ukitaka kujua bauza ya maji itafika lini, utaelekezwa kwa mama anayeuza mitungi kando ya tangi, naye atalitoa daftari lake lililojikunja pembe, lenye majina, idadi ya mitungi na alama za waliolipa. Chama cha akina mama kina mweka hazina, na mweka hazina ana daftari. Madrasa ina daftari la ada. Mzee wa nyumba kumi ana lake la wageni, na kiangazi kikizidi huwa na jingine la familia zilizoandikishwa kupata chakula cha msaada. Msiba ukitokea, kijana mwenye mwandiko mzuri huwekwa kivulini aandike nani ametoa nini, maana mchango ni deni litakalolipwa siku nyingine, kwenye msiba mwingine. Isiolo ni mji wa Waborana, Wasomali, Waturkana, Wasamburu na Wameru, na sehemu kubwa ya maisha yake hupita kwenye kurasa hizo.

Mwalimu ninayetaka kumsifu hapa anafundisha vijana wa diploma kutengeneza mifumo ya taarifa za jamii kwa programu za wavuti. Kila mwanafunzi wake hutumwa kwanza mtaani kutafuta daftari moja linalotumika. Humwomba mwenyewe ruhusa, hukaa naye wakati wa kuandika, kisha hurudi darasani na muundo wake: lina safu ngapi, nani huandika, nani huruhusiwa kusoma, kosa husahihishwa vipi, na kurasa zikijaa linahifadhiwa wapi. Majina ya watu hayanakiliwi. Hilo hulisema mapema, tena kwa ukali. Nimemwona akimtaka kijana aifute picha ya ukurasa aliyoipiga kwa simu, pale pale mbele ya wenzake.

Nimeketi nyuma ya darasa lake kiasi cha kuamini kwamba kuchelewesha kompyuta namna hii ndiko kiini cha ufundi wake. Msimbo wenyewe si mrefu. Fomu ya kuandikisha kaya, ukurasa wa kutafuta jina, orodha ya malipo ya mwezi, hayo yote mwanafunzi mwenye bidii anaweza kuyaandika kwa PHP na MySQL katika muda mfupi, kwa kuwa mifano imejaa kila mahali. Kazi iko katika kujua fomu iulize nini, na imuulize nani, na jibu limfikie nani. Hayo hayamo kwenye mfano wowote wa kunakili.

Siku moja msichana mmoja alichora ubaoni daftari la maji. Lilikuwa na safu tano: tarehe, jina, mitungi, pesa na alama. Mwalimu alisimama mbele ya safu ya mwisho.

"Hii tiki ni ya nini?"

"Amelipa, mwalimu."

"Na msalaba?"

"Hajalipa."

"Na hili duara?"

Hakuwa ameuliza.

"Basi rudi kwa mama ukamuulize. Na umpe salamu zangu."

Alirudi na jibu lililomaliza kipindi kizima. Duara ni nyumba isiyodaiwa. Mama wa tangi huzijua nyumba hizo mwenyewe: penye mgonjwa wa muda mrefu, penye mjane, pale ambapo mifugo yote iliisha wakati wa ukame. Hajamtangazia mtu. Kamati ikimuuliza, husema hiyo ni hesabu yake. Sasa mfumo ukitengenezwa, kamati nzima itaweza kufungua ukurasa na kuona. Je, duara liingie?

Kijana mmoja alisema liachwe nje, maana mtu amelipa au hajalipa. Mwingine alitaka pawe na mahali pa kuandika sababu, ili kamati ihakikishe hakuna upendeleo. Msichana mwenyewe aliwasikiliza, kisha akasema kwamba sababu ikiandikwa, wale watu wataona haya kuja kuteka maji, na mama atauacha mfumo. Mwalimu hakuamua. Aliandika kila hoja ubaoni na kuuliza swali moja moja, bila haraka, mpaka wakafika wenyewe: pawe na safu inayosema tu kwamba kaya hii haidaiwi, isiyo na sababu, na inayoweza kubadilishwa na mama wa tangi peke yake. Kwenye hifadhidata hiyo ni safu ya ndiyo au hapana, kitu kidogo kabisa ambacho kompyuta inaweza kukihifadhi. Nimewahi kutumia mifumo ya ofisi kubwa, iliyogharimu fedha nyingi, ambayo hakuna aliyewahi kuifikiria safu hiyo, na nimewaona watu wakirudishwa nyumbani kwa sababu fomu haikuwa na mahali pao.

Nani anaruhusiwa kubadilisha nini, hilo hulifundisha kwa kisima. Kwenye visima vya Waborana kuna aba konfi, mwenye haki ya kisima kwa kuwa ukoo wake ndio uliokichimba, na kuna aba herega, anayesimamia zamu ya kunywesha: mifugo ya nani leo, ya nani kesho, mgeni aingizwe wapi, ngamia wangoje hadi lini. Zamu inajulikana na wote, inabadilishwa na mmoja, tena baada ya kusikiliza. Mwanafunzi aliyekulia Merti au Garba Tulla haelezwi mara mbili. Mwalimu huchora watumiaji wa aina tatu, anayesoma, anayeongeza na anayebadilisha, halafu hudai jedwali la kuweka kumbukumbu ya kila badiliko: lilifanywa lini, na nani, na mwanzo ilikuwaje. Anasema kisimani badiliko hufanyika mbele ya watu, kwa hiyo mfumo usioonyesha aliyebadilisha una heshima ndogo kuliko kisima. Vijana wa mjini, ambao hawajawahi kuchota maji kwa ndoo ya ngozi, huwauliza wenzao, na mara nyingi nusu saa ya somo la hifadhidata hugeuka kuwa somo la namna nyumba za wazazi wao zinavyoendeshwa. Yeye huiacha igeuke.

Baada ya hapo ndipo huja Edgar Codd. Mwaka 1970, akiwa mtafiti wa IBM, Codd alichapisha makala iliyoweka msingi wa hifadhidata za majedwali, na moja ya shida alizozitazama humo ni taarifa ile ile kuandikwa zaidi ya mahali pamoja, hadi siku moja nakala zikahitilafiana. Darasani Bulla Pesa jambo hilo halihitaji mfano wa kubuni. Kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022, misimu 5 ya mvua ilikosekana mfululizo kaskazini mwa Kenya. Wanafunzi hawa walikuwa watoto au vijana wa sekondari, na wanakumbuka orodha za msaada: ya chifu, ya shirika, ya msikiti au kanisa, kila moja na daftari lake. Familia moja ilijikuta kwenye orodha zote kwa tahajia tofauti za jina moja, na jirani yake hakuwamo hata kwenye moja. Kwa hiyo mwalimu anapowaonyesha jinsi ya kuligawa daftari moja katika majedwali matatu, kaya upande mmoja, uchotaji upande mwingine, malipo pembeni, yakiunganishwa kwa nambari ya kaya badala ya jina, wanaona nambari ile inamlinda nani.

Majina yana kazi yake ya pekee. Fomu za kwenye mifano huuliza jina la kwanza na jina la ukoo. Waborana na Wasomali wengi huitwa kwa jina lao, kisha la baba, kisha la babu. Mtu akiitwa Guyo Halkano, mwanawe atakuwa Jarso Guyo, na mfumo unaotafuta familia kwa jina la mwisho utawaweka baba na mwana katika nyumba mbili. Mwalimu huwaacha wanafunzi watengeneze fomu ya kawaida kwanza, wajaze majina ya familia zao, halafu watafute. Ukimya unaofuata ni wa watu wanaofikiri. Wengine huunda visanduku vitatu, cha jina, cha baba na cha babu. Wengine huweka kisanduku kimoja kirefu na kuiachia nambari kazi ya kuunganisha. Anakubali njia zote mbili, mradi mwanafunzi aweze kuitetea mbele ya mtu mwenye jina hilo.

Yapo mengine ya namna hiyo, na huyapitia upesi. Nambari ya simu ikihifadhiwa kama tarakimu za hesabu, sifuri ya mwanzo hupotea, kwa hiyo ihifadhiwe kama maandishi. Tarehe ya kuzaliwa isiwe lazima, maana wapo wazee wanaojua mwaka tu, au msimu. Na saa: mama akisema bauza hufika saa tisa, mfumo usije ukaandika 09:00 na kuwaamsha watu bure. Mwanafunzi mmoja alitatua hilo kwa kuandika maneno kando ya kila saa, asubuhi, mchana, alasiri, jioni, na mwalimu akawataka wote wafanye vivyo hivyo.

Somo ninalolipenda kupita yote ni la ritifaa. Ile alama ndogo inayokaa juu katika ng'ombe, katika ng'ambo, katika jina la mto Ewaso Ng'iro unaopita kaskazini mwa mji huu. Katika lugha ya SQL, alama hiyo hiyo hufungua na kufunga maandishi. Mwanafunzi anayeunga amri yake kwa kubandika maneno ya fomu katikati ya msimbo atafurahia mfumo wake kwa siku kadhaa, kwa kuwa ataujaribu kwa majina yasiyo na ritifaa. Kisha mwalimu hupita nyuma yake, huinama, huandika kwenye kisanduku cha chanzo cha maji, Ewaso Ng'iro, na kubonyeza kitufe cha kuhifadhi.

Ukurasa unaanguka. Kompyuta imesoma Ewaso Ng, ikakutana na ritifaa, ikadhani maandishi yameisha, halafu ikakuta iro imebaki nje na haijui ni amri gani. Inalalamikia sintaksia. Mwanafunzi hutazama skrini, hutazama mwalimu. Wengi hutaka kwanza kuikataza ile alama: waandike onyo kwamba mtumiaji asiitumie. Mwalimu huuliza, kwa sauti ile ile, kama wanakusudia kuwakataza watu wa Isiolo kuandika ng'ombe.

Halafu huendelea mbele kidogo, na hapa ndipo ninapoona ustadi wa mtu aliyefundisha jambo moja mpaka likamkaa mwilini. Huwaonyesha kwamba kama ritifaa ya mto inaweza kuivunja amri bila kukusudia, mtu mwenye nia mbaya anaweza kuandika ritifaa kwa makusudi, na baada yake akaandika amri yake mwenyewe: nionyeshe kaya zote, futa madeni yote. Mwaka 1998 Jeff Forristal aliieleza mbinu hiyo katika jarida la Phrack, na hadi leo tovuti zinavunjwa kwa njia hiyo. Dawa yake ni kupeleka vitu viwili kwa safari mbili. Kwanza amri inakwenda peke yake ikiwa na nafasi zilizoachwa wazi. Hifadhidata inaisoma, inaielewa, inaifunga. Ndipo thamani zinapofuata, na chochote kilichomo ndani yake, ritifaa, alama ya swali, amri nzima ya uharibifu, kitachukuliwa kuwa maandishi tu. Mwanafunzi huandika upya mistari ile, huingiza tena Ewaso Ng'iro, na jina la mto linakaa kwenye jedwali likiwa zima. Usalama wa mfumo wanaufahamu kupitia jina ambalo hawawezi kukubali likosewe. Sijui njia bora zaidi ya kulifundisha jambo hili popote.

Vifaa ni vya kawaida. Laptopu za darasa ni kuukuu, stima hupotea, na bando ni ghali kwa mwanafunzi anayelipia pia nauli ya boda boda. Mwalimu amejenga somo lake juu ya hali hiyo. Seva inakaa ndani ya laptopu yake mwenyewe. Pembeni kuna ruta ndogo isiyounganishwa na intaneti yoyote, na simu za wanafunzi zikijiunga nayo zinafungua kurasa za wenzao kana kwamba ziko duniani kote. Stima ikipotea, betri ya laptopu inabeba mfumo kwa muda, na ruta inachomekwa kwenye betri ndogo ya kuchajia simu. Anapenda kuwaambia kwamba wavuti ulianza hivyo: Tim Berners-Lee alipoiwasha seva ya kwanza kule CERN mwaka 1990, ilikuwa kompyuta moja mezani, iliyobandikwa karatasi ya kuwaonya watu wasiizime. Wavuti ni makubaliano kati ya anayeuliza na anayejibu; intaneti ni barabara ndefu tu ya kuwafikisha. Mwanafunzi akilielewa hilo, anaweza kuweka mfumo wa zahanati au wa shule mahali ambapo mtandao hufika siku moja moja, ukafanya kazi siku zote.

Uzito wa ukurasa huupima kwa mizani kali. Kurasa za wavuti za siku hizi mara nyingi huzidi megabaiti 2. Yeye hataki ukurasa unaozidi kilobaiti 50, picha zikiwemo. Wanafunzi hulalamika, maana wamependa rangi na michoro inayosogea. Kisha huwatuma kwa mtu mwenye kabambe, simu ndogo ya vitufe. Hapo wengi hugundua kwamba mtu waliyemkusudia hana kivinjari kabisa, na kwamba mfumo wao lazima uzungumze kwa ujumbe mfupi wa herufi 160, au kwa menyu za kubonyeza nyota na reli, ambazo hazibebi zaidi ya herufi 182 kwa skrini moja. Kuandika Kiswahili kinachoeleweka katika herufi 182, chenye chaguo tatu na njia ya kurudi nyuma, ni mazoezi ya ufasaha ambayo mwalimu yeyote wa lugha angeyaonea fahari. Nimeona vijana wakibishana muda mrefu kama waandike "Angalia zamu ya maji" au "Zamu ya maji" tu. Neno lililobaki lilikuwa limepiganiwa.

Wapo wa kuwauliza pia. Mwaka 2023 serikali iliwapa wahudumu wa afya ya jamii takriban 100,000 nchini simu za kukusanyia taarifa za nyumba wanazozitembelea, na baadhi yao ni mama na shangazi za wanafunzi hawa. Wanajua fomu kwa kuzijaza juani. Wanajua swali lipi humfanya mtu afunge mlango, na kisanduku kipi hujazwa uongo kwa sababu hakikubali kuachwa wazi. Mwalimu huwaalika waketi mbele, na wanafunzi huandika.

Ramani ndiyo sehemu anayoifundisha kwa tahadhari kubwa. Kaunti hii ina historia nzuri nayo. Miaka ya mwanzo ya 2010, wazee wa dedha, wale wanaopanga matumizi ya malisho kwa desturi ya Waborana, walikaa na wataalamu mbele ya picha za setilaiti za Google Earth zilizomulikwa ukutani, wakaonyesha malisho ya mvua na ya kiangazi, njia za mifugo, visima na mabwawa, na yale waliyoyajua kichwani yakageuka kuwa ramani za kidijitali walizoweza kwenda nazo kwenye mipango ya kaunti. Wanafunzi husoma habari hiyo kwa furaha. Halafu husoma habari ya Ushahidi, jukwaa lililoanzishwa Januari 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, na Ory Okolloh, Erik Hersman, Juliana Rotich, David Kobia na wenzao, ambapo mwananchi aliweza kuripoti kwa simu au wavuti na tukio likaonekana kwenye ramani. Programu waliyoitoa baadaye kwa umma iliandikwa kwa PHP, lugha hii hii wanayojifunza, na mwalimu huifungua misimbo yake darasani ili waone kwamba imeandikwa na watu. Somo analolitoa humo ni la uthibitisho: ripoti moja ya kisima kilichoharibika ni uvumi, tatu kutoka kwa simu tofauti ni sababu ya kumpigia mtu aliye karibu, na huyo aliyekwenda akaona ndiye anayeweza kuibadilisha alama kwenye ramani.

Sasa darasa zima huwa na hamu ya kuonyesha mifugo iko wapi. Wazo linavutia: mfugaji aone malisho yamesongamana wapi, daktari wa mifugo ajue aende wapi na chanjo. Mwalimu huwaruhusu walichore kikamilifu, na baada ya hapo huuliza ni nani mwingine angefurahi kujua kundi la ng'ombe mia mbili limelala wapi usiku huu. Katika kaunti ambako wizi wa mifugo umeua watu, hakuna mwanafunzi anayechelewa kujibu. Ramani hubaki na visima na malisho. Makundi huondolewa. Hapo huwatolea Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, wakaisoma kifungu kwa kifungu, na huikuta imeshaingia akilini: usikusanye usichokihitaji, mwambie mtu unakikusanyia nini, mpe nafasi ya kukisahihisha.

Suala gumu zaidi kuliko hilo, na ambalo nadhani halina jibu moja, ni orodha ya basari. Wananchi wana haki ya kujua fedha za umma zimempa nani. Orodha ikisomwa barazani na naibu wa chifu, majirani husikia, hupinga, hurekebisha, na jambo huisha siku hiyo. Ikiwekwa kwenye wavuti, mtoto aliyesomeshwa kwa msaada atakutwa na jina lake miaka kumi baadaye na mtu anayetafuta kumwajiri. Kila darasa hulitatua kivyake. Wengine huonyesha shule na kiasi bila majina. Wengine huonyesha majina kwa mwezi mmoja na msimbo ukayaondoa wenyewe. Mwalimu hutoa alama kwa hoja, na mimi binafsi naegemea kwa wale wa mwezi mmoja, kwa kuwa wameuiga usahaulifu wa baraza.

Mradi wa mwisho haupewi alama siku unapofanya kazi kwa mara ya kwanza. Huwekwa kwenye flashi pamoja na maelezo yaliyoandikwa kwa Kiswahili, na kukabidhiwa mwanafunzi wa darasa la nyuma ambaye hajawahi kuuona. Huyo hukaa kwenye laptopu nyingine, ausimamishe mfumo tangu mwanzo, halafu aongeze jambo moja lililoombwa na mtu atakayeutumia. Kwa mfumo wa maji, mama wa tangi aliomba pawe na mahali pa kuonyesha ni mtoto gani aliyetumwa kuchota, kwa sababu mabishano mengi hutokea hapo. Kijana aliyepewa kazi hiyo alifungua msimbo na kukuta vigezo vinaitwa mitungi, kaya, haidaiwi, na juu ya kila sehemu kuna mstari mmoja unaoeleza kwa nini iko hivyo. Juu ya haidaiwi palikuwa pameandikwa: usiongeze sababu hapa, uliza mama.

Aliyeutengeneza hungoja nje ya mlango. Anayefanya kazi ndani akikwama, huandika swali kwenye karatasi na kulipeleka nje. Kila swali humpunguzia mwandishi alama mbili, na jibu lake lazima liongezwe kwenye maelezo kabla ya siku kwisha. Msichana wa daftari la maji alipokea swali moja tu, kuhusu mahali pa kubadilisha nenosiri la kwanza. Aliandika aya nzima, akamsomea mwenzake kwa sauti, akaifupisha, akamsomea tena.